Andikeni jibu lenyewe: maneno kwa wanaopima kumbukumbu

Ndugu mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, na hasa ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani mna mzazi au mwenzi ambaye siku hizi anauliza jambo lile lile mara nne ndani ya saa moja: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vifupi vya kumbukumbu, vile vya karatasi moja na penseli, vinavyotumika kumtambua mtu aliye mwanzoni mwa dimensia, ambayo wengi wetu tunaiita ugonjwa wa kusahau. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na ninaipenda. Leo nina ombi moja tu, na nitalitoa sasa hivi ili mlishike tangu mwanzo. Mkimpima mtu, andikeni jibu alilolitoa, neno kwa neno, kabla hamjaandika alama.

Nianze na daktari aliyefanya hivyo. Novemba 1901, mjini Frankfurt, Alois Alzheimer alikaa mbele ya mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Akamwuliza jina lake. "Auguste." Jina la ukoo? "Auguste." Mumeo anaitwa nani? "Nadhani Auguste." Akamwonyesha vitu vya kawaida, akavitaja bila shida, punde akamwuliza ameonyeshwa nini, hakukumbuka. Alipokuwa akila koliflawa na nyama ya nguruwe, akaulizwa anakula nini, akasema spinachi. Akapewa kalamu aandike jina lake. Akaandika "Bibi", halafu yaliyobaki yakampotea.

Auguste alifariki mwaka 1906, na mwaka huo huo Alzheimer akaueleza ugonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Faili lake halikuonekana kwa miaka mingi mpaka lilipopatikana Frankfurt mwaka 1995. Lilipofunguliwa, mama yule alikuwa bado anajibu. Tunamsikia. Tunaona ni wapi anakwama na ni wapi anajikongoja. Kama Alzheimer angeandika "amepata 4" na kufunga faili, leo tungekuwa na tarakimu moja isiyotuambia lolote.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Mwaka 1975 Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh walitoa kipimo kinachojulikana kwa herufi MMSE. Jumla yake ni alama 30. Kumi ni za kujua wakati na mahali: mwaka, mwezi, tarehe, siku, uko wapi, ghorofa ya ngapi. Mgonjwa anapewa maneno matatu ayarudie, kisha anahesabu kwa kutoa saba saba kutoka 100: 93, 86, 79, 72, 65. Halafu anaulizwa tena yale maneno matatu. Anataja vitu, anafuata maagizo, anaandika sentensi moja, ananakili pembetano mbili zilizoingiliana. Kwa miaka mingi aliyepata chini ya 24 alitiliwa shaka.

Kipimo hicho kimesaidia sana, lakini kina udhaifu ambao wengi wetu tuliuona kwa macho kabla hatujausoma: kinamwona aliyezama, anayeanza kuyumba hakimwoni. Maneno matatu ni machache mno kwa mtu ambaye kumbukumbu yake ndiyo kwanza inalegea. Ndiyo maana mwaka 2005 daktari Ziad Nasreddine na wenzake, Montreal, wakatangaza kipimo kiitwacho MoCA. Nacho ni cha alama 30 na kinachukua kama dakika kumi, lakini ni kigumu zaidi. Maneno ni matano. Kuna mchemraba wa kunakili, kuna saa ya kuchora, kuna kuunganisha namba na herufi kwa kupokezana. Alama 26 na kuendelea ndiyo kawaida. Katika utafiti wao wa mwaka ule, MoCA iliwatambua 90% ya waliokuwa na upungufu mdogo wa utambuzi, yaani ile hali ya katikati ambapo mtu ameanza kupungukiwa lakini bado anajiendesha mwenyewe. MMSE iliwatambua 18%.

Msishangilie bado. Katika utafiti huo huo, MoCA iliwatia shakani 13% ya watu wazima wa afya. Wavu wenye matundu madogo hushika na visivyotakiwa. Naomba tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumizwa bure.

Chukueni wazee 1000. Tuseme 50 kati yao wana tatizo kweli, na 950 hawana. Kipimo kinachonasa 90% kitawashika 45 kati ya wale 50. Vizuri. Lakini 13% ya wale 950 ni watu kama 124. Kwa hiyo watakaotoka chumbani wakiwa wameambiwa "alama zako ziko chini" ni 169, na wagonjwa kati yao ni 45 tu. Karibu watatu kati ya kila wanne watarudi nyumbani na hofu isiyo yao. Hesabu hii ndiyo inayonifanya niombe tusiingie mitaani kumpima kila mwenye mvi. Jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza kuwapima wazee wote wasio na dalili. Aliyekuja kwa sababu yeye au watu wake wameona mabadiliko, huyo ni habari nyingine. Huyo apimwe, na apimwe mapema.

Kipo pia kipimo kifupi zaidi, Mini-Cog, alichokitoa Soo Borson na wenzake mwaka 2000. Maneno matatu na mchoro wa saa, dakika tatu basi. Napenda nikae kidogo kwenye huo mchoro wa saa, maana ndani yake mna mengi kuliko unavyoonekana.

Mtu anaambiwa achore duara, aweke namba zote, kisha aweke mishale ionyeshe, kwa Kiingereza, dakika kumi baada ya kumi na moja. Muda huo haukuokotwa tu. Ni mtego. Neno "kumi" linamvuta mtu apeleke mshale mrefu kwenye 10, ambayo iko jirani kabisa na 11, wakati dakika kumi zinaonyeshwa kwenye 2. Ili aushinde mvuto huo, sehemu ya mbele ya ubongo lazima iseme: ngoja, usikimbilie. Ubongo unaoanza kulegea mbele hushindwa kungoja, na mishale yote miwili inaangukia 10 na 11.

Sasa kisemeni kwa Kiswahili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 11, sisi tunasema saa tano. Kwa hiyo tunamwambia mzee: "Weka saa tano na dakika kumi." Mtego ulikuwa mmoja, umekuwa miwili! "Kumi" inamvuta kwenye 10, na "tano" inamvuta kwenye 5. Nimeona mshale mfupi umewekwa kwenye 5, na muuguzi kijana akaandika sifuri. Lakini huyo mzee ameshindwa, au ameitii lugha tuliyoitumia? Karatasi yenye sifuri haiwezi kujibu. Karatasi yenye mchoro uliohifadhiwa, na pembeni maneno tuliyomwambia jinsi tulivyoyatamka, inaweza. Mimi baada ya mchoro humwuliza: "Hapo umeweka saa ngapi, mzee?" Aliye mzima mara nyingi hutazama, hucheka kidogo, na kurekebisha mwenyewe. Mwingine hutazama mchoro wake kama ulichorwa na mgeni. Hao ni watu wawili tofauti, na alama yao ni moja.

Tafsiri ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia. MMSE ina sentensi ya kurudia ambayo kwa Kiingereza imeundwa kwa vijineno vya kuunganishia, vigumu kutamka mfululizo. Ukivigeuza kimoja kimoja unapata maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na unampima mtu kitu kingine kabisa. MoCA inamtaka mtu ataje kwa dakika moja maneno mengi awezavyo yanayoanza na herufi fulani. Akifikisha 11 anapata alama. Katika lugha yetu, herufi ikiwa M mtu anateleza tu juu ya ngeli: mtu, mti, mto, mlango, mkono, mzigo. Herufi nyingine itamkausha. Na asiyesoma shule hafikirii maneno kwa herufi hata kidogo. Mwambie ataje wanyama, na utaona akili yake ilivyo pana.

Hilo la shule linanigusa sana. MoCA humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu. Alama moja! Kwa mtu ambaye hajawahi kushika penseli, kuchora mchemraba ni kazi ya kigeni, na mkono wake utatetemeka hata kama akili yake iko timamu. Wapo watafiti waliolifikiria hili kwa uaminifu. Australia walitengeneza RUDAS kwa ajili ya watu wa lugha na malezi tofauti. Na katika wilaya ya Hai, Tanzania, kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA kwa wazee wasiosoma: badala ya penseli, mzee anapewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Kila anayeishi na wazee aone jinsi wazo hilo lilivyo jepesi na lilivyo na heshima. Mkono ambao haujazoea kalamu umezoea njiti.

Na upande wa pili yupo aliyesoma sana. Nilimpima mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mwenye adabu na kasi. Kutoa saba saba kulikuwa mchezo kwake. Alipata 28. Bintiye alikaa nje akiwa na bahasha, na nilipomwita akanionyesha risiti: bili moja ililipwa mara tatu kwa mwezi mmoja, na mama aliyefundisha hesabu maisha yake yote hakuona. Kwa mtu kama huyo, ghala lilikuwa kubwa, na panya wamekula muda mrefu kabla hapajaonekana patupu.

Kwa hiyo msimpime mtu bila kumsikiliza anayeishi naye. Kuna AD8, maswali manane yaliyotengenezwa na James Galvin na wenzake mwaka 2005, anayoulizwa mtu wa karibu: je, uamuzi wake umebadilika, anarudia maneno yale yale, anatatizika kujifunza kutumia kifaa au chombo, anasahau mwezi au mwaka, anatatizika kwenye mambo ya fedha? "Ndiyo" mbili au zaidi zinatosha kutufanya tuangalie kwa makini. Swali la msingi pale ni mabadiliko. Aliyekuwa anasahau majina tangu ujana hajabadilika. Aliyekuwa haisahau tarehe hata moja na sasa anasahau, huyo amebadilika, hata kama bado anatushinda sisi wote chumbani. Na bintiye naye niliandika maneno yake yalivyotoka: "Mama hajawahi kulipa kitu mara mbili." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko ile 28.

Sasa niwaeleze kisa kilichonifundisha ombi langu la leo. Aliletwa kwetu mzee mmoja na karatasi kutoka mahali pengine. Kumbukumbu ya maneno: alama za X mstari mzima. Jumla ilikuwa chini sana. Familia ilikuwa imeshaambiwa ni dimensia, na watoto walikuwa wameanza kumpokonya mzee mambo yake: funguo, simu, neno katika vikao vya familia. Wanazungumza naye kupitia mkewe, kama hayupo.

Nikarudia kipimo kwa orodha nyingine, na siku hiyo, sijui kwa nini, niliandika kila alichorudia. Nilisema "shamba", akarudia "kamba". Nilisema "fundi", akarudia "punda". Nilisema "meza", akarudia "meza". Mwishoni nilipomwuliza tena, alinipa "kamba, punda, meza", kwa mpangilio huo huo. Nikaitazama karatasi. Huyu mtu hakusahau hata neno moja! Alihifadhi yote aliyoyasikia. Zilizokuwa zikipotea ni sauti: sh, f, zile nyembamba za juu ambazo sikio linalozeeka huziacha kwanza. Akapelekwa kwa wataalamu wa masikio, akapata kifaa cha kusikilizia, na miezi michache baadaye alama zilipanda kwa sita. Aliponiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema, sikuwa na jibu la kumpa.

Mtu aliyeweka zile X hakuwa mzembe. Alifuata fomu. Fomu ndiyo haikuwa na nafasi ya kuandika "kamba".

Masikio ni mfano mmoja. Kabla ya kumwita mtu mgonjwa wa dimensia, lazima tuulize kuhusu sonona, kwa kuwa mwenye huzuni nzito hujibu "sijui" upesi kabla hajajaribu, wakati mwenye dimensia mara nyingi hujaribu na kukosea, kama Auguste na spinachi yake. Hiyo "sijui" nayo iandikeni. Alama ya X inazifanya zote mbili zifanane. Kuna tezi ya shingo iliyopunguza kazi. Kuna upungufu wa vitamini B12. Kuna dawa: za usingizi, baadhi za mzio, baadhi za kibofu. Kuna damu iliyovuja juu ya ubongo baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Kuna maambukizi yanayomchanganya mzee ghafla ndani ya siku mbili. Huyo wala asipimwe siku hiyo, atibiwe kwanza. Mengi ya hayo yana tiba, na ndiyo sababu ya kwanza ya kupima mapema, kabla hata hatujafika kwenye dimensia.

Kwa walio na dimensia kweli, mapema kuna thamani yake pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na zaidi ya 60% wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa mpya kama lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, zinatolewa kwa walio hatua za mwanzo tu. Zinapunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi kidogo, haziurudishi nyuma, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuufanya uvuje damu. Sitawadanganya kwamba huo ndio ukombozi. Ninachokiona mimi kikiwa na faida kubwa ni sauti ya mgonjwa mwenyewe. Akijua mapema, anasema nani ashike fedha zake, nani amwamulie matibabu, aishi wapi. Akichelewa kujua, watamsemea wengine.

Ninyi wa nyumbani, nina maneno mawili kwenu. Msimfundishe mzazi majibu ya kipimo. Najua mnafanya kwa upendo, najua wengine mmemkaririsha tarehe ndani ya gari mkija. Mnatufungia dirisha. La pili: mleteni na miwani yake, vifaa vyake vya masikio, na dawa zote anazomeza, hata zile alizopewa na jirani.

Na ninyi wenzangu mnaopima: kaa upande ambao uso wako unaonekana. Zima kelele. Usimwambie "ni maswali mepesi tu", maana akishindwa mepesi utakuwa umemwaibisha. Mimi husema, "Mengine ni rahisi, mengine ni magumu kwa kila mtu." Anapokwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuendelea. Na ukimaliza, usimtajie namba ukiwa umesimama mlangoni.

Nimalizie kwa ile sentensi moja ambayo MMSE inamtaka mgonjwa aiandike mwenyewe, yoyote anayoipenda. Sharti ni iwe na mtenda na kitenzi, na iwe na maana. Kiswahili chetu, kama mjuavyo, kinabeba vyote viwili ndani ya neno moja.

Nina mama mmoja niliyempima miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza aliandika, kwa mwandiko wa kulala uliopangika: "Mwanangu amenileta asubuhi na yuko nje ananingoja, naomba tusimcheleweshe kazini." Alama 1. Mwaka wa tatu alishika penseli muda mrefu, akaangalia mlango, akaandika: "Nangoja." Alama 1.

Mwanawe aliniomba nakala za karatasi zote mbili. Nilimpa.